Kiti cha Kando Kimelipiwa

Hlengiwe Mchunu alikuwa na njia tatu za kumnyamazisha mtu mwenye simu, na alizitumia kwa zamu. Ya kwanza ilikuwa ya adabu: "Samahani baba, tunaomba upunguze sauti." Ya pili ilikuwa ya mzaha: "Kaka, huyo mchumba wako tumeshamjua sote, mwambie tutakuja harusini." Ya tatu haikuwa na maneno. Alisimama tu kando ya kiti cha mhusika, mikono nyuma, akamkazia macho mpaka mwenyewe akaona haya na kukata simu.

Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, mhudumu wa basi liendalo Johannesburg na kurudi kwao Msinga. Kukagua tiketi, kugawa maji, kuokota watoto waliodondoka vitini, na juu ya yote, kupambana na simu. Abiria walimwita MaMchunu, kwa ukoo wa baba yake, kama wanawake wote wa kwao wanavyoitwa. Alikuwa mnene kiasi, mcheshi, na kofia ya sare hakuivaa sawasawa hata siku moja.

Na simu alizisikia, ee. Alimsikia mwanamume akiuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili kati ya Heidelberg na Villiers. Alisikia mahubiri, ugomvi wa mawifi, matokeo ya mpira. Siku moja mzee mmoja aliweka simu yake spika akawa anajadili mahari ya binti yake, basi zima likaanza kushauri. Babu wa nyuma akasema ng'ombe kumi na mmoja ni wengi mno kwa msichana ambaye tayari ana mtoto, na mama wa mbele akamrukia kwa matusi kwani yeye mwenyewe alitolewa kumi na mmoja na mtoto akiwa mgongoni. Siku hiyo Hlengiwe alicheka mpaka akakaa chini ngazini.

Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Tangu kisa cha darajani, Hlengiwe hakucheka tena na simu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Dereva wake wa siku hizo alikuwa Baba Sithole, mtu mpole, aliyependa kutafuna karanga akiendesha. Nyuma alikaa kijana mmoja nadhifu, simu sikioni, akitaja kila mahali wanapopita. Tumetoka Ladysmith. Tumepita Colenso. Alikuwa akisema kwa sauti ya juu, watu wakalalamika, na Hlengiwe akaenda akamwambia lile neno la adabu. Kijana akamshukuru sana. Akapunguza sauti. Kuanzia hapo hakuna aliyesikia anachosema, na Hlengiwe akarudi mbele akijiona kafanya kazi yake vizuri. Walipovuka daraja la mto Thukela wakakuta mawe yamepangwa barabarani kwenye kona, watu wenye bunduki wakatoka kwenye miiba, na kijana nadhifu akasimama akawafungulia mlango.

Baba Sithole alipigwa risasi akiwa kwenye usukani. Alikata roho pale pale, kichwa chake mapajani mwa Hlengiwe, karanga zikiwa bado mfukoni. Gari la wagonjwa lilipofika lilimchukua hivyo hivyo mpaka hospitali ya Ladysmith, huko daktari akaandika kwamba amefia hospitali, na watoto wake wakaambiwa hivyo. Hlengiwe alisikia wakiambiwa. Hakusema kitu. Wakati ule hata jina lake mwenyewe lilikuwa gumu kulisema.

Aliporudi kazini alikuwa mtu mwingine. Mtu akipayuka kwenye simu aliogopa, na akinong'ona aliogopa zaidi. Kila basi lilipokaribia Thukela, viganja vyake vilitoa jasho na akasoma sala zote alizofundishwa kanisani, hata zile za watoto.

Sasa tuje kwenye siku ya abiria aliyeitwa Mabaso.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Basi lilikuwa stesheni Johannesburg, abiria wakipanda na mablanketi na ndoo za kuku wa kukaanga. Akapanda mwanamume wa makamo, mrefu, amevaa koti refu alilolifunga vifungo mpaka shingoni. Mkono mmoja ulikuwa umebana kitu ndani ya koti. Mkono wa pili ulishika simu sikioni. Aliishusha kidogo akampa Hlengiwe tiketi mbili.

"Mwenzako yuko wapi, baba?"

Mwanamume hakumjibu. Hata hakumtazama. Alikwenda mpaka kwenye viti vyake, akasogea pembeni kidogo, akasimama kama anayempisha mtu, kisha akakaa upande wa njia. Kiti cha dirishani kikabaki kitupu.

"Baba, nimekuuliza. Huyo wa pili anapandia wapi?"

Kimya. Kisha akasema, lakini kwenye simu: "Tumeshapanda. Basi linaondoka sasa. Usibaki nyuma."

Hlengiwe akaenda mbele kwa dereva. Alichungulia kioo cha nyuma kuona kama kuna gari linalowafuata. Magari yalikuwa mengi, jiji zima lilikuwa nyuma yao.

Mama mmoja muuza mablanketi, MaNgubane, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, alikuja na mzigo wake akataka kukaa kile kiti kitupu. Mwanamume akaweka kiganja juu ya kiti na kutikisa kichwa.

"Ooh, kumbe kiti ni cha koti lako?" MaNgubane akamtolea jicho. "Basi na mimi ningemlipia huyu kuku wangu, akae kama mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mwanamume hakucheka.

Walipovuka Vaal, ule mto ambao wao huuita Ligwa, alisimama nusu na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka mbele: "Huu ndio mto Ligwa. Vuka. Vuka, nifuate." Akakaa. Hlengiwe akamfuata na lile neno la kwanza, la adabu. Hakujibiwa. Alijaribu la pili, la mzaha, lakini mzaha wenyewe ulitoka ukitetemeka. Akasimama mbele yake kwa ile njia ya tatu, mikono nyuma. Mwanamume alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta, kisha akageukia dirisha.

Jambo moja lilimsumbua Hlengiwe kuliko mengine. Kila mtu anayepiga simu hungoja. Husema "eeh," husema "kweli?", hukaa kimya mwenzake anapoongea. Huyu hakungoja hata kidogo. Alisema lake, akashusha simu, akanyamaza mpaka mahali pengine. Hivyo ndivyo mkubwa anavyoongea na watu wake waliokwisha kupangwa.

Walisimama Harrismith watu wanywe chai. Hlengiwe akamvuta pembeni dereva wao, Baba Dladla, mzee aliyekuwa karibu kustaafu.

"Mgabadeli," alimwita kwa jina la heshima la ukoo wake, "yule mtu wa koti simwelewi. Anataja kila mahali. Na kiti cha kando kimelipiwa, na hakuna mtu."

"Anaongea na simu, MaMchunu. Nikimshusha kila anayeongea na simu, nitafika Msinga na usukani peke yake."

"Mzee, usinifanyie mzaha. Wewe hukuwapo siku ile."

Baba Dladla akaacha kutabasamu. Alikunywa chai yake yote ndipo akajibu. "Sikuwapo. Haya, wapigie polisi."

Alipiga. Simu iliita sana, mwishowe ikapokelewa na mtu aliyekuwa akitafuna kitu. Hlengiwe akaeleza. Yule mtu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mama, kuongea na simu si kosa. Akitoa silaha, tupigie tena." Ukweli huo ulimpandisha Hlengiwe hasira kiasi cha kusahau woga kwa dakika moja. Mtu akitoa silaha, yeye Hlengiwe atapiga simu kwa mkono gani?

Walipokuwa wakirudi kwenye basi alimsikia mwanamume wa koti, amesimama mlangoni, akisema na simu yake: "Wako wengi humu ndani, lakini usiwajali. Hawajui kitu. Twende."

Kuanzia hapo basi zima lilishikwa na hofu, maana hofu haina tiketi, hupanda yenyewe. MaNgubane alikuwa amesikia naye, na MaNgubane akisikia jambo limesikika. Alinong'ona kiti hadi kiti. Kina mama wakaanza kuficha pochi zao vifuani. Kijana mmoja mwenye koti la ngozi, Vusumuzi, aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka kazi ya ulinzi, akasema wazi kwamba yeye hangojei kuuawa amekaa.

Wakaanza kushuka milima ya Van Reenen. Ukungu ulikuwa umefunika barabara, malori yakilia breki mbele na nyuma. Mwanamume akainua simu. "Bunduki..." Neno hilo lilisikika safi. Yaliyofuata yalimezwa na ngurumo ya injini, na sauti iliporudi alikuwa anamaliza: "...leo lazima tufike. Hakuna wa kutuzuia."

Mtoto mmoja akaanza kulia, nadhani alimwona mama yake anavyotetemeka.

"MaMchunu!" Vusumuzi akaita. "Umesikia? Au mpaka atuonyeshe?"

"Nimesikia. Kaa chini, kaka."

"Nikae chini? Mtupe nje huyu! Mimi mwenyewe namtupa!"

"Na akiwa nayo humo kotini?" MaNgubane akalia. "Ukimgusa tu ametumaliza! Mwache, Vusumuzi, mwache, nina watoto wanne!"

"Kaa chini!" Hlengiwe akapaza sauti, sauti ambayo hakujua anayo. "Nyote kaeni. Mimi ndiye mhudumu hapa."

Akakaa kwenye kiti chake kidogo cha mbele, amewageukia abiria, macho kwenye mkono ule uliobana koti. Koti lilivimba upande mmoja, kitu kirefu. Ladysmith wakaipita. Waliacha barabara kuu wakaingia ile ndogo ya kwenda Colenso, miiba pande zote mbili, jua limeshaegemea vilima. Hlengiwe alitaka kuomba na sala hazikuja. Alichokiona ni mawe. Alimwona Baba Sithole anageuka kumwambia kitu, na kile kitu hakikutoka.

Wakaipita Colenso. Mwanamume wa koti akasimama wima, akaweka simu sikioni.

"Sasa tunakaribia Thukela," alisema. "Simama. Jiandae. Hapa ndipo—"

Hlengiwe hakukumbuka jinsi alivyofika pale. Alijikuta tu amemfikia, ameinyakua ile simu, ameiweka sikioni mwake ili amsikie huyo mwenzake, huyo aliyejificha nyuma ya mawe, amwambie kwamba safari hii yupo, anamsikia.

Hakukuwa na mtu.

Hakukuwa hata na mlio. Simu ilikuwa ya baridi kama kijiko. Aliitoa sikioni akaitazama. Kioo kilikuwa kimepasuka, na nyuma, pale betri inapokaa, palikuwa na shimo tu. Haikuwa simu iliyozimwa, ilikuwa simu iliyokufa.

Chini yao matairi yalibadilisha mlio. Walikuwa juu ya daraja. Mwanamume alifungua mdomo, akaufumba, akaufungua tena, machozi yakimshuka, akinyoosha kidole nyuma, nyuma, huku mto ukipita chini na kuisha. Alichana vifungo vya koti. Watu wakapiga yowe na kuinama.

Kotini mlikuwa na tawi. Tawi la mkunazi pori, majani yake yamenyauka kidogo, miiba yake miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kurudi nyuma.

Yowe likakatika. Katika basi lile hakuna aliyehitaji kuelezwa, kwa kuwa wote walikuwa watu wa kule. Mtu akifia mbali, roho yake hubaki pale ilipodondokea mpaka ndugu aende na tawi la mkunazi, amwite kwa jina, amwambie twende nyumbani. Kuanzia hapo mwenye tawi haongei na mtu aliye hai, huongea na marehemu tu. Humlipia nauli kama abiria yeyote na kumpa kiti. Humtajia kila mji na kila kona, na zaidi ya yote kila mto, kwa maana mto ambao hakuambiwa hawezi kuuvuka, atabaki ukingoni. Hlengiwe mwenyewe aliwaona ami zake wakimleta baba yake hivyo kutoka migodini. Aliyajua yote haya tangu utoto. Lakini nani aliwahi kuona mtu akimleta marehemu kwa simu?

"Yesu wangu," MaNgubane alisema polepole. "Na mimi nilitaka kumkalia."

Baba Dladla alikuwa ameliona tawi kwenye kioo chake. Alipunguza mwendo, akasimamisha basi kando ya barabara, hatua chache baada ya ile kona. Kampuni ilikuwa imekataza kabisa kusimama pale. Injini ikawa inanguruma taratibu, na watu wakatazama miiba nje, na ile hofu iliyokuwa imetoka ikarudi, sasa imekuja na jioni.

"MaMchunu," mzee alisema bila kugeuka. "Marehemu amebaki ng'ambo. Wewe ndiye uliyewakatiza. Nenda na mwenye tawi mkamvushe."

"Mgabadeli, hapa? Unajua hapa ni wapi?"

"Najua. Ndiyo maana sizimi injini."

Hakuna aliyemsukuma. Alikwenda akijishika viti kimoja kimoja mpaka mlangoni. Vusumuzi alisimama kama anayetaka kwenda badala yake, lakini hakusogea, na Hlengiwe hakumlaumu.

Walirudi kwa miguu, mwanamume na tawi lake mbele, yeye nyuma. Aliona lile doa la barabara alipolazwa Baba Sithole. Hapakuwa na doa lolote, mvua za miaka zilikuwa zimelifuta, ila yeye aliliona. Upepo ulikuwa ukipuliza kwenye miiba, na kila kichaka kilikuwa na mtu. Walivuka daraja lote mpaka ukingo wa pili. Hapo mwanamume alisimama akanyoosha mkono. Hlengiwe akamrudishia ile simu. Aliitazama, akaitia mfukoni, akaliinua tawi kwa mikono miwili.

"Mfanafuthi, mwana wa mama yangu," alisema, waziwazi, bila kujificha. "Nisamehe, tulikatizwa. Mimi ni kaka yako Khethani. Sisi wa kina Mabaso hatuachani njiani. Huu ni mto Thukela, mto wetu. Uliogelea hapa. Sasa tunauvuka. Njoo, nifuate."

Wakaanza kuvuka. Safari hii Hlengiwe alitembea ubavuni kwake, karibu kabisa, kama mtoto. Na nyuma yao alisikia hatua. Tap, tap, za mtu mzito asiye na haraka. Alijiambia ni mwangwi wa daraja. Hakugeuka. Hata ungemlipa nini, asingegeuka.

Katikati ya daraja, pikapu ilitokea upande wa basi, taa zimezimwa, ikija polepole. Ilisimama sawa nao. Kioo kikashuka. Ndani walikaa wanaume watatu, na nyuma, chini ya turubai, palikuwa na wengine.

"Basi lenu limeharibika, mama?" aliuliza aliyekaa dirishani. Aliuliza kwa upole.

Hlengiwe akajibana kwa Mabaso. Mabaso hakuweza kujibu na hakujibu. Aliendelea kutembea, akisema, "Usiwaogope hawa, Mfanafuthi, tunapita tu, tunakwenda nyumbani."

Macho ya yule mtu yakahama kutoka kwa Hlengiwe yakaenda kwenye tawi. Yakapita tawi, yakaenda nyuma yao, pale palipokuwa patupu, yakabaki hapo. Akavua kofia. Alisema neno moja kwa dereva wake, kioo kikapanda, pikapu ikageuza pale pale darajani kwa shida, ikarudi ilikotoka kwa kasi. Mpaka leo Hlengiwe hajui walikuwa watu gani. Anajua tu kwamba taa hawakuziwasha.

Ndani ya basi hakuna aliyewauliza kitu. Njia yote ya mwisho simu zilizimwa bila ya mtu kuombwa. Hlengiwe alichukua kipaza sauti, kile alichozoea kugombezea watu, akawa anataja kila njia panda kwa jina, ingawa hakuna abiria aliyeshuka huko. Mabaso alipofika kwake alisimama, akampisha mtu atoke kwanza. Hlengiwe alifungua mlango wote, akautazama ule upande mtupu na kusema, "Shuka taratibu, kaka. Umefika."

Wiki iliyofuata walikuwa wakishuka tena kutoka Johannesburg, wameshaipita Ladysmith, simu ya Hlengiwe ikaita. Huwa haipokei akiwa kazini. Aliipokea.

"MaMchunu? Ni Mabaso. Namba wamenipa ofisini kwenu. Sasa naruhusiwa kuongea."

"Mntungwa!" Alimwita kwa jina la heshima la ukoo wake, akafurahi mpaka akasahau yuko wapi. "Alifika?"

"Alifika. Tumemchinjia mbuzi, tawi tumeliweka ndani, mama amelala usingizi. Nilitaka kukuomba radhi kwa ile simu. Ilikuwa ya marehemu, ilivunjika siku walipompiga risasi; bunduki niliyoitaja ni hiyo, nilimwambia tumeiacha nyuma. Asubuhi ile nilishushwa kwenye teksi mbili, watu hawataki kupanda na marehemu. Nikaona mwenye simu hata apige kelele vipi huachwa."

Hlengiwe akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

"Lakini kuna jambo," Mabaso alisema, na sauti yake ikapungua. "Pale darajani. Tulipokuwa tunarudi, nilisikia miguu nyuma yangu. Nikadhani ni wewe. Halafu nikatazama, wewe uko ubavuni. Na mdogo wangu hakuwa mtu wa kutembea hivyo, yeye alikuwa mwepesi. Huyu alikuwa mzito, hana haraka. Alitufuata mpaka kwenye kona, akasimama. Alikuwa akitafuna kitu. MaMchunu, nani alifia pale?"

Hlengiwe alitazama nje. Basi lilikuwa limeshaingia ile barabara ndogo, miiba pande mbili. Alikuwa amewaona watoto wa Baba Sithole mwaka ule, wamevaa nguo nyeusi, wakiingia hospitali Ladysmith na tawi lao, wakienda kumwita baba yao kwenye wodi ambayo hakuwahi kuingia akiwa hai. Waliita kwa heshima zote. Walimlipia kiti, katika basi hili hili, na yeye Hlengiwe akaikagua tiketi ya marehemu, akawapa maji, akanyamaza.

Akamwambia Mabaso atampigia baadaye. Alibonyeza namba nyingine, akakosea mara mbili. Mtoto mkubwa wa Sithole alipokea, na kulikuwa na kelele za kazini kwake, mashine, watu, hakuwa akisikia vizuri.

"Nkosikhona! Ni MaMchunu, wa basi la baba yako!"

"Nani? Sikusikii, mama!"

Colenso ikawa nyuma yao. Hlengiwe alisimama katikati ya basi, akashika kiti kwa mkono mmoja, akapaza sauti, kubwa kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kugombezwa naye, abiria wote wakamgeukia.

"Nasema baba yako hakufia hospitali, mwanangu! Unanisikia? Mlimwita mahali ambapo hakuwapo. Amefia hapa, darajani, na bado yuko hapa. Njoo na tawi!"

Matairi yakabadilisha mlio. Hakuna hata mmoja aliyemwambia apunguze sauti.